SURA YA TISA: VIUNGO VYA MAJENGO YA CHUMA WAKATI WA TETEMEKO LA ARDHI

Utangulizi

Bila shaka umewahi kuona ghala la mazao, karakana au kiwanda kilichojengwa kwa chuma. Ukilitazama jengo kama hilo kwa makini, utaona nguzo ndefu zilizosimama wima, na boriti zilizolala kutoka nguzo moja hadi nyingine. Nguzo na boriti hizo hazikutengenezwa mahali jengo liliposimama. Zilikatwa na kutobolewa matundu kiwandani, zikabebwa kwa malori, kisha wajenzi wakaziunganisha kwa bolti na nati.

Ujenzi wa namna hii huokoa muda mwingi. Lakini unatuletea swali moja kubwa. Je, ardhi ikitetemeka, vipande hivyo vitaendelea kushikana? Katika sura hii tutajifunza jinsi tetemeko linavyolisukuma jengo, jinsi bolti inavyofanya kazi, na kwa nini usalama wa watu waliomo ndani ya jengo hutegemea sana viungo vyake.

Tetemeko hulisukuma jengo namna gani?

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa vya miamba. Vipande hivi husogea polepole sana, milimita chache tu kwa mwaka katika sehemu nyingine, na sentimita kadhaa katika sehemu nyingine. Mahali vinapokutana au kuachana, miamba hubanwa au huvutwa kwa miaka mingi. Siku moja miamba hiyo hukatika na kuteleza kwa ghafla. Mtikisiko unaotokea husafiri ardhini kama mawimbi, nasi huuita tetemeko la ardhi.

Sasa fikiri juu ya safari ya basi. Basi likiondoka kwa ghafla, abiria aliyesimama huyumba kuelekea nyuma. Hakuna mtu aliyemsukuma. Miguu yake imechukuliwa na sakafu ya basi, lakini mwili wake unataka kubaki pale ulipokuwa. Likifunga breki kwa ghafla, huyumba kuelekea mbele.

Jengo nalo ni kama abiria huyo. Ardhi ikienda kushoto, msingi huenda kushoto pamoja nayo, lakini paa na ghorofa za juu huchelewa. Kabla hazijafuata, ardhi imekwisha kugeuka na kwenda kulia. Kwa hiyo nguzo hupindwa huku na huku mara nyingi katika muda mfupi. Jengo likiwa zito zaidi, nguvu inayozipinda nguzo zake huwa kubwa zaidi. Nguvu hiyo hupita katika kila kiungo kutoka juu hadi msingini. Kiungo kimoja kikishindwa, mzigo wake huangukia viungo vilivyobaki.

Kupinda na kukatika

Vitu vyote havishindwi kwa namna moja. Fanya jaribio lifuatalo.

*Jaribio la 1*

Vifaa: kipande cha chaki, na waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa sentimita 20, kama ule wa kufungia nondo.

Hatua:
1. Shika chaki kwa mikono miwili, ujaribu kuipinda.
2. Shika waya, uupinde katikati. Je, umekatika?
3. Pinda waya huo huku na huku mahali pale pale, haraka haraka, mara kumi. Kisha gusa kwa uangalifu mahali ulipopinda.
4. Endelea kupinda, ukihesabu, mpaka waya ukatike. Jihadhari na ncha zake kali.

Umeona nini? Chaki ilikatika mara moja, bila kutoa ishara yoyote. Waya ulipinda, wala haukukatika upesi. Tena, mahali ulipopinda palipata joto. Joto hilo limetoka wapi? Limetoka katika nguvu za mikono yako. Kila ulipoupinda waya, ulizitumia nguvu zako, nazo zikageuka kuwa joto.

Hii ndiyo sababu wahandisi hupenda chuma cha pua. Tetemeko linapolitikisa jengo la chuma, sehemu za chuma zinazopinda huzimeza nguvu za tetemeko na kuzigeuza kuwa joto. Jengo linaweza kupinda, hata likaharibika, lakini likabaki limesimama mpaka watu wote watoke. Lakini kumbuka hatua ya nne. Hata waya ulikatika mwishowe. Chuma nacho kina idadi ya mapindo kinayoweza kuvumilia.

Bolti hufanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kuwa bolti hufanya kazi kama msumari, yaani huzuia tu kipande kimoja kisiteleze juu ya kingine kwa kupita katikati ya matundu. Hiyo ni nusu tu ya habari.

*Jaribio la 2*

Vifaa: vipande viwili vya ubao mwembamba, bolti moja, nati yake, pete mbili bapa za chuma ambazo mafundi huziita washa, na spana.

Hatua:
1. Mwombe mwalimu wako akutobolee tundu moja katika kila ubao. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti.
2. Pandanisha mbao hizo, upitishe bolti pamoja na pete zake, kisha uweke nati bila kuikaza.
3. Vuta ubao mmoja kulia, na mwenzako avute wa pili kushoto. Kisha mbadilishane pande.
4. Sasa kaza nati kwa spana, mpaka iwe ngumu. Rudia hatua ya tatu.

Umeona nini? Nati ilipolegea, mbao ziliteleza, kisha zikasimama kwa kishindo kidogo bolti ilipogonga ukingo wa tundu. Nati ilipokazwa, mbao hazikuteleza kabisa, ingawa tundu ni lile lile na bolti ni ile ile.

Sababu ni hii. Unapokaza nati, unaivuta bolti. Bolti hurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, nayo hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza. Kwa kufanya hivyo, huzibana mbao pamoja. Mbao zilizobanwa haziwezi kuteleza kwa sababu ya msuguano uliopo kati yake. Kwa hiyo bolti iliyokazwa vizuri hushikilia kiungo kwa kukibana.

Wakati wa tetemeko kubwa, nguvu inaweza kuushinda msuguano huo. Hapo mabamba ya chuma huteleza kidogo, mpaka bolti iguse ukingo wa tundu. Kuteleza huko si hasara tupu. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona vinapata joto. Mabamba yanayosuguana nayo hupata joto, na hivyo huzipunguza nguvu za tetemeko. Baada ya hapo bolti huzuia mabamba yasiendelee kuteleza.

Jinsi nguzo ya chuma inavyounganishwa

Nguzo ya chuma huwa na viungo vya aina tatu. Tuviangalie kuanzia chini.

*Kiungo cha nguzo na msingi.* Chini ya nguzo kuna bamba nene la chuma lenye matundu manne au zaidi. Katika zege la msingi huwa zimezikwa bolti ndefu, ncha zake zikichomoza juu. Nguzo hushushwa ili bolti zipite katika matundu, kisha nati hukazwa. Tetemeko linapoiyumbisha nguzo upande mmoja, bolti za upande wa pili huvutwa kwenda juu. Bolti ikiwa ndefu na imezikwa vizuri, huweza kurefuka bila kukatika. Ikiwa fupi, huweza kung'oka pamoja na kipande cha zege.

*Kiungo cha nguzo na boriti.* Kiungo hiki hupindwa sana kuliko vingine. Njia moja ya kukitengeneza ni kulehemu bamba nene kwenye mwisho wa boriti kiwandani, kisha kulifunga bamba hilo kwenye nguzo kwa bolti. Bamba likiwa jembamba mno, hupinda na kuzing'oa bolti, kama vile mtu anavyong'oa msumari kwa nyundo yenye makucha.

*Kiungo cha nguzo na nguzo.* Katika jengo la ghorofa nyingi, nguzo moja haifiki juu, kwa kuwa lori haliwezi kuibeba. Vipande viwili vya nguzo huunganishwa kwa mabamba na bolti. Wahandisi hawakiweki kiungo hiki karibu na boriti, mahali ambapo nguzo hupindwa sana. Kanuni za ujenzi za Marekani husema kiwe umbali wa angalau mita 1.2 kutoka kwenye kiungo cha boriti. Hapo nguvu ya kupinda ni ndogo zaidi, na mjenzi aliyesimama sakafuni anakifikia kwa mikono.

Somo la Los Angeles

Kwa miaka mingi wahandisi waliamini kuwa majengo ya chuma hayaogopi tetemeko. Imani hiyo ilijaribiwa mnamo tarehe 17 Januari 1994. Siku hiyo, saa 10 na nusu alfajiri, tetemeko lenye ukubwa wa 6.7 lilitokea chini ya mtaa wa Northridge, katika jiji la Los Angeles, nchini Marekani. Zaidi ya watu 50 walikufa. Nyumba, barabara za juu na maegesho ya magari yaliharibika.

Majengo marefu ya chuma yalibaki yamesimama. Kwa nje mengi yalionekana mazima, na watu walirudi kazini. Lakini baadhi ya wakaguzi walipobandua mapambo ya kuta na plasta inayokinga chuma dhidi ya moto, walishtuka. Pale boriti zilipolehemiwa kwenye nguzo palikuwa na nyufa. Nyufa nyingine zilikuwa zimeingia mpaka ndani ya nguzo yenyewe. Wakaguzi walipoendelea kutafuta, waligundua kuwa majengo ya chuma zaidi ya 100 yalikuwa na viungo vilivyopasuka.

Kumbuka jaribio la chaki na waya. Chuma cha boriti na nguzo kilikuwa kama waya, chenye uwezo wa kupinda. Lakini pale palipolehemiwa palikatika kama chaki, kabla boriti haijapata nafasi ya kupinda. Jengo lenye viungo vya namna hiyo lingeweza kuanguka katika tetemeko jingine, huku watu waliomo wakidhani wako salama.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko jingine kubwa lilipiga jiji la Kobe, nchini Japani. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Huko pia viungo vya majengo kadhaa ya chuma vilikutwa vimevunjika.

Baada ya maafa hayo, vyuo vikuu na maabara vilifanya majaribio mengi. Boriti na nguzo za ukubwa wa kweli ziliunganishwa, kisha mashine ikazisukuma huku na huku, kidogo kidogo, kisha zaidi na zaidi, mpaka zikashindwa. Mnamo mwaka 2000 kanuni mpya zilitolewa nchini Marekani. Mambo makubwa matatu yalikuwa haya:

1. Kazi ya kulehemu ifanywe kwa vifaa bora zaidi na ikaguliwe kwa makini zaidi.
2. Boriti inaweza kupunguzwa upana kidogo karibu na nguzo, iwe na "kiuno". Hapo ndipo itakapopinda kwanza, mbali na kiungo.
3. Viungo vya mabamba na bolti vilivyofaulu katika majaribio vinaweza kutumika badala ya kulehemu boriti kwenye nguzo mahali pa ujenzi.

Kiungo hufaulu kinapofanya nini? Katika majengo yanayotegemea viungo hivi kuvumilia matetemeko makubwa, kiungo hupindwa mpaka kiasi kinacholingana na nguzo ya mita 3 ambayo kichwa chake kimesogea sentimita 12. Baada ya hapo kiungo lazima kiwe bado kinabeba mzigo. Jaribu kulipima jambo hili darasani. Pima sentimita 12 kwa rula yako, kisha utazame kimo cha ukuta. Jengo linaruhusiwa kuyumba kiasi hicho, lakini haliruhusiwi kuanguka.

Labda utashangaa kuwa wahandisi huidhoofisha boriti kwa makusudi. Hawafanyi hivyo kwa kubahatisha. Boriti moja ikipinda, sakafu moja huharibika. Nguzo ikikatika, sakafu zote za juu yake huanguka. Kwa hiyo kanuni ni hii: nguzo iwe na nguvu kuliko boriti, na kiungo kisikatike kabla boriti haijapinda.

Kazi ya fundi

Mhandisi anaweza kuchora kiungo kizuri, lakini usalama wake hukamilishwa na mikono ya fundi. Fundi mwangalifu huzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, hutumia bolti iliyoagizwa. Juu ya kichwa cha bolti nyingi huandikwa namba, kwa mfano 4.6 au 8.8. Bolti ya 8.8 huvumilia mvuto mara mbili ya bolti ya 4.6 yenye unene ule ule. Kwa macho zinafanana, lakini mwenye kusoma namba hadanganyiki.

Pili, hukaza bolti zote kwanza mpaka mabamba yagusane. Kisha huchora mstari kwa chaki au rangi juu ya nati na bamba, akaizungusha nati tena theluthi moja au nusu ya mzunguko, kwa kutegemea urefu wa bolti. Mistari hiyo huonyesha wazi kuwa nati imezungushwa kiasi kinachotakiwa. Mkaguzi akipita baadaye, huitambua nati iliyosahauliwa bila hata kuigusa.

Tatu, halazimishi. Matundu yasipolingana, fundi mvivu huyapanua kwa moto wa gesi. Tundu la namna hiyo huwa kubwa mno, na kingo zake hudhoofika. Fundi mwangalifu husimamisha kazi na kumwita mhandisi.

Nne, hulinda chuma dhidi ya kutu. Kutu hula bolti polepole, hasa karibu na bahari na mahali penye unyevu. Bolti iliyoliwa nusu haiwezi kufanya kazi ya bolti nzima.

Je, jambo hili linatuhusu?

Ndiyo. Bonde la Ufa linapita katika nchi za Afrika Mashariki, na ganda la dunia linaendelea kutanuka humo. Mnamo tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa sana, lenye ukubwa wa zaidi ya 7, lilitokea katika eneo la Rukwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitokea katika Mkoa wa Kagera. Zaidi ya watu 15 walikufa, na maelfu ya nyumba yaliharibika katika mji wa Bukoba na vijiji vya jirani. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya.

Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera hazikuwa za chuma. Zilikuwa na kuta za matofali, mawe au udongo. Hata hivyo, kanuni ni ile ile. Kuta nzito ambazo hazikufungwa pamoja kwenye pembe, wala hazikufungwa na paa, huachana ardhi inapotikisika. Nyumba iwe ya chuma, ya mbao au ya matofali, sehemu zake zikishikana vizuri, huyumba pamoja. Zisiposhikana, kila sehemu huanguka peke yake.

Ukiwa darasani ardhi ikaanza kutikisika, ingia chini ya dawati imara, ufunike kichwa chako na kushika mguu wa dawati mpaka mtikisiko uishe. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, miti na nguzo za umeme. Baadaye usirudi katika jengo kabla halijakaguliwa, hata kama linaonekana zima. Hilo ndilo walilojifunza watu wa Los Angeles.

Mambo ya kukumbuka

1. Tetemeko huusogeza msingi, na sehemu za juu za jengo huchelewa kufuata. Ndiyo maana nguzo hupindwa.
2. Chuma kinachopinda huzigeuza nguvu za tetemeko kuwa joto. Kiungo kinachokatika ghafla huliweka jengo katika hatari.
3. Bolti iliyokazwa vizuri huyabana mabamba, na msuguano huyazuia yasiteleze.
4. Nguzo iwe na nguvu kuliko boriti.
5. Nyufa za viungo zinaweza kujificha. Jengo hukaguliwa baada ya tetemeko.

Zoezi

A. Jaza nafasi zilizo wazi.
1. Ardhi ikienda kushoto kwa ghafla, paa la jengo ______ kufuata.
2. Nati inapokazwa, bolti ______ kidogo.
3. Mabamba yaliyobanwa na bolti hayatelezi kwa sababu ya ______.
4. Bolti yenye namba 8.8 huvumilia mvuto mara ______ ya bolti ya 4.6.

B. Jibu maswali haya kwa sentensi kamili.
1. Kwa nini waya ulipata joto katika Jaribio la 1?
2. Taja viungo vitatu vya nguzo ya chuma.
3. Nyufa za majengo ya Los Angeles zilikuwa zimefichwa na nini?
4. Kwa nini ni afadhali boriti ipinde kuliko nguzo kukatika?
5. Fundi amekuta matundu ya mabamba hayalingani. Afanye nini? Eleza kwa nini.

C. Kazi ya kufanya nje ya darasa.
Pamoja na mwalimu wako, tembelea jengo la chuma lililo karibu na shule. Chunguza kiungo cha nguzo na msingi. Hesabu bolti zake. Angalia kama kuna nati iliyokosekana, iliyolegea au yenye kutu. Chora kiungo hicho katika daftari lako, uandike majina ya sehemu zake. Mkiona kasoro, mweleze mwalimu ili amjulishe mwenye jengo.